KIPIMO CHA DAMU CHA HEPESI: KARATASI INASEMA NINI NA HAISEMI NINI

Ukitoka Singida mjini kwa barabara kuu ya kwenda Nzega utafika Misigiri, Wilaya ya Iramba, mahali ambapo barabara ya Kiomboi inachepuka. Njia panda haikosi watu. Malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo kabla ya kuteremka mlima Sekenke. Wakulima huleta alizeti yao kando ya barabara. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Sekenke na Shelui hupita wakienda na kurudi. Mahali pa namna hiyo habari za mjini hufika upesi, na mojawapo ni hii ya kupima damu ili kujua kama mtu ana hepesi.

Siku hizi katika miji mikubwa zipo maabara za watu binafsi zinazopima damu kwa ajili ya virusi vya hepesi. Mtu hulipa fedha zake, hutolewa damu mkononi, halafu hupewa karatasi yenye herufi na tarakimu. Karatasi hiyo huandikwa kwa lugha ya kigeni. Mara nyingi hapewi mtu wa kumweleza. Anaikunja, anaitia mfukoni, anapanda basi kurudi kijijini.

Tuchukue mfano. Mume ni utingo wa lori. Mke analima, na wakati wa kiangazi anauza chakula njia panda. Mwaka juzi, baada ya mavuno, mke alipata malengelenge madogo sehemu za siri. Yalipasuka, yakauma siku kadhaa, yakapona yenyewe. Mwaka huu amekwenda Mwanza kumwuguza dada yake, na huko akashauriwa apime. Karatasi ikasema hepesi ya pili ipo. Aliporudi akamwonyesha mumewe kwa nia njema.

"Mama watoto, huu ugonjwa umeutoa wapi?"

"Baba watoto, mimi ndiye wa kukuuliza. Anayelala njiani ni nani?"

Kesho yake wameitwa wajomba na mashangazi, na jioni mke anafunga mizigo kurudi kwao. Huu ni mfano tu tuliotunga, lakini msomaji ataona kwamba jambo kama hili linaweza kutokea katika nyumba yoyote. Wazee walioitwa kuamua shauri hili wanaitegemea karatasi kama shahidi. Basi tumwulize shahidi huyu anajua nini hasa.

HEPESI NI NINI?

Hepesi ni jina la ukoo mzima wa virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, wala havionekani kwa darubini ya kawaida iliyoko kwenye maabara zetu. Ukoo huu una virusi vinane vinavyojulikana kumshambulia binadamu. Viwili kati ya hivyo ni kama pacha, navyo ndivyo vinavyopimwa katika karatasi tunayoizungumzia: hepesi ya kwanza na hepesi ya pili.

Hepesi ya kwanza kwa kawaida hutoa vidonda mdomoni, vile ambavyo watu huviona baada ya homa. Watu wengi huipata utotoni kwa kubusiwa au kwa mate ya wenzao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 walikuwa nayo, yaani asilimia 64 ya watu wa umri huo duniani. Katika Afrika wanakadiriwa kuwa karibu 9 kati ya 10. Hepesi ya pili huambukizwa hasa kwa kujamiiana na hutoa malengelenge sehemu za siri. Waliokuwa nayo mwaka huo, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikadiriwa kuwa milioni 520. Lakini mipaka hii haina ukuta: hepesi ya kwanza nayo inaweza kushuka sehemu za siri.

Ukishaingia mwilini ugonjwa huu hautoki tena. Vidonda vikipona, virusi hurudi nyuma kwa kufuata mishipa ya fahamu na kujificha karibu na uti wa mgongo. Huko hukaa kimya kama mbegu ya mtama iliyoanguka ardhini wakati wa kiangazi. Siku moja mwili ukichoka, au mtu akiugua homa, au bila sababu inayoonekana, virusi huamka na kutembea tena mpaka kwenye ngozi. Wengine huamkiwa mara nyingi kwa mwaka, wengine mara moja katika maisha. Tena walio wengi hawapati kidonda cha kuonekana hata siku moja, au hupata mwasho mdogo wakadhani ni chawa au jasho. Hao nao wanaweza kumwambukiza mwenzao, kwa sababu virusi hutoka kwenye ngozi hata pasipo na kidonda.

Msomaji alishike sana neno hili la mwisho. Mtu anaweza kukaa na hepesi miaka 10 au 20 bila kujua, akaoa au akaolewa, akazaa, halafu kidonda cha kwanza kikatokea mwaka huu.

NYAYO ZA FISI

Kipimo cha damu hakitafuti virusi. Virusi vimejificha kwenye mishipa ya fahamu, na kwa kawaida katika damu havipatikani. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupigana na virusi hivyo. Kila adui ana askari wake maalumu. Wakipatikana askari wa hepesi ya pili, inadhaniwa kwamba mwili uliwahi kukutana na hepesi ya pili.

Mfugaji ataelewa upesi. Ukiamka asubuhi ukakuta nyayo za fisi karibu na zizi, unajua fisi alipita. Saa aliyopita huijui, wala alikotokea. Na kama mbuzi amekufa, nyayo peke yake hazithibitishi kwamba aliyemwua ni fisi. Labda aliumwa na nyoka. Tofauti ni moja tu: nyayo za fisi hufutika kwa upepo, bali nyayo za hepesi katika damu kwa kawaida hubaki maisha yote.

Kwa hiyo tukirudi kwa mume na mke wetu, karatasi ya Mwanza haisemi kwamba mke ameambukizwa mwaka huu. Haisemi pia kwamba alitoka nje ya ndoa, wala kwamba mumewe alitoka nje. Inawezekana mmoja wao alikuwa nayo kabla hawajajuana. Yamkini wote wawili wanayo, na hakuna anayeweza kueleza ni nani aliyeanza. Mzee anayehukumu kwa karatasi hii anahukumu kwa jambo ambalo karatasi haikulitamka.

Haisemi hata kama yale malengelenge ya mwaka juzi yalikuwa hepesi. Mtu anaweza kuwa na kingamwili za hepesi tangu zamani, na kidonda alichonacho leo kikawa kaswende. Akishika karatasi ya hepesi na kusema "sasa nimejua ugonjwa wangu," kaswende inaendelea kumla kimya kimya.

KIPIMO NACHO HUKOSEA

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa kipimo hawalisemi kwa sauti. Kipimo chenyewe hukosea, na hukosea kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni kusema hakuna wakati ugonjwa upo. Askari wa mwili hawazaliwi kwa siku moja. Huchukua majuma mawili, mara nyingi zaidi, hata miezi mitatu, mpaka wawe wengi wa kutosha kuonekana. Aliyeambukizwa juma lililopita akapima leo ataambiwa hana. Ataondoka na karatasi safi na ugonjwa mbichi.

Upande wa pili ni kusema upo wakati haupo, na huu ndio unaovunja nyumba. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme tumepima watu 100, na kwa kweli 20 kati yao wana hepesi ya pili. Kipimo kimewakamata wote 20, vizuri sana. Wamebaki 80 ambao hawana. Tuseme kipimo hukosea kwa mtu mmoja katika kila 8 wasio na ugonjwa. Gawa 80 kwa 8, unapata 10. Basi zimetoka karatasi 30 zinazosema "ipo," na katika hizo 10 ni za uongo. Ukizichanganya karatasi 30 juu ya meza huwezi kuzitambua zile 10, kwa maana zote zina muhuri uleule.

Hesabu ya namna hii imefanywa na jopo la wataalamu la Marekani linaloshauri juu ya vipimo vya kuzuia magonjwa. Mwaka 2016 jopo hilo lilisema kwamba kwa kipimo kilichokuwa kikitumika sana huko, karibu nusu ya majibu ya "ipo" yangeweza kuwa ya uongo endapo wangepimwa watu wa kawaida wasio na dalili. Likashauri watu wasio na dalili wasipimwe hepesi kwa damu. Mwaka 2023 likarudia ushauri uleule. Hapa Afrika Mashariki, wataalamu waliochunguza damu za wananchi wa Rakai, Uganda, waliona kwamba vipimo vilivyofanya kazi vizuri ng'ambo vilikosea zaidi huku kwetu, hata ikabidi wapandishe kiwango cha tarakimu kabla ya kukubali kwamba mtu anayo.

Ndiyo maana tarakimu iliyo kwenye karatasi ina maana yake. Kwa kipimo kinachotumiwa sana, jibu huhesabiwa "ipo" kuanzia 1.1. Lakini jibu lililo kati ya 1.1 na 3.0 halifai kuaminiwa mpaka limehakikishwa kwa kipimo cha aina nyingine. Mwenye karatasi yake nyumbani aitazame tena.

Tena kuna herufi. Karatasi nyingine huandika IgG na nyingine IgM. IgG ni wale askari wakongwe wanaobaki. IgM hudhaniwa kuwa askari wapya, na wako wanaomwambia mgonjwa kwamba IgM ikionekana maana yake ameambukizwa juzi. Kwa hepesi maelezo hayo si ya kutegemewa. IgM inaweza kuonekana tena virusi vya zamani vinapoamka, na inaweza kuchanganya hepesi ya kwanza na ya pili, hata na virusi vingine vya ukoo huo. Kumtuhumu mwenzi wako kwa sababu ya IgM ni kumtuhumu bila ushahidi. Na ikiwa karatasi imeandika "hepesi" bila kusema ni ya kwanza au ya pili, haina faida yoyote, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba karibu kila mtu mzima Afrika ana ya kwanza.

Je, kipimo hiki hakifai kabisa? Kinafaa mahali pake. Mtu mwenye vidonda vinavyorudi mara kwa mara ambavyo havijatambuliwa anaweza kusaidiwa nacho. Watafiti hukitumia kuhesabu ugonjwa katika jamii. Uchunguzi uliofanywa vijijini Mwanza katika miaka ya 1990 ulitumia njia hii, ukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wenye umri wa miaka 25 na zaidi walikuwa wamekwisha kukutana na hepesi ya pili. Wanaume nao hawakuwa nyuma sana. Hao walikuwa wakulima kama sisi, watu wa ndoa zao. Ugonjwa ulioenea kiasi hicho si alama ya mtu mmoja mbaya.

KIDONDA KIKIWA KIBICHI

Ikiwa una kidonda au malengelenge sehemu za siri, dawa ya kwanza ni miguu: nenda zahanati siku hiyohiyo au kesho yake, usingoje mnada upite. Mganga akikiona kidonda kikiwa kibichi anajua mengi kuliko damu itakavyomwambia baada ya miezi. Mahali penye maabara kubwa huweza kuchukuliwa majimaji ya kidonda kwa pamba na kutafutwa virusi vyenyewe. Kipimo hicho ndicho bora, lakini kinataka kidonda kilichotoka siku moja au mbili hivi. Kikishakauka, nafasi imepita.

Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo hicho, wala mgonjwa asihuzunike kwa hilo. Tanzania inatumia utaratibu wa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili. Mgonjwa mwenye kidonda hupewa dawa za kutosha kupiga magonjwa yanayoelekea kukisababisha: kaswende, pangusa na hepesi. Kaswende na pangusa hupona kabisa. Hepesi haiponi, bali dawa ya aciklovir hufupisha siku za maumivu, hasa ikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo. Maliza dawa zote ulizopewa. Nenda na mwenzi wako, kwa maana kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kama kufukuza mbuzi kwenye shamba huku umeacha ua wazi.

Utaratibu huu usiohitaji mashine umewahi kupimwa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 huduma ya magonjwa ya ngono iliboreshwa katika vituo vya afya na zahanati za baadhi ya jamii za vijijini Mwanza: waganga walifundishwa, dawa zikapelekwa, wananchi wakahimizwa kuja mapema. Jamii nyingine zilingoja zamu yao ili pawepo kulinganisha. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Ni kweli kwamba majaribio ya namna tofauti yaliyofanywa baadaye Uganda hayakupata upungufu kama huo, na wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Hata hivyo hakuna aliyeonyesha kwamba kidonda cha sehemu za siri kinafaa kuachwa.

VVU NDIYO YA KUPIMA

Uhusiano wa hepesi na VVU ni wa kweli. Mwenye hepesi ya pili yuko katika hatari ya kuambukizwa VVU mara tatu hivi kuliko asiye nayo, kwa sababu ngozi yake ina mlango, na chini ya ngozi zimekusanyika chembe ambazo VVU huzipenda. Kwa hiyo wako waliofikiri kwamba tukiituliza hepesi kwa dawa kila siku, tutaziba mlango wa UKIMWI.

Wazo hili lilijaribiwa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na mahali pa chakula. Watu wa njia panda kama walioko Misigiri. Wanawake 821 waliokuwa na hepesi ya pili lakini hawana VVU waligawanywa katika makundi mawili yaliyokaribiana kwa idadi. Kundi moja lilimeza aciklovir miligramu 400 mara mbili kwa siku. Kundi la pili lilimeza vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Waliopata VVU katika kundi la dawa walikuwa 27, na katika kundi lisilo na dawa walikuwa 28. Yaani dawa haikuzuia kitu. Jaribio kubwa zaidi lililotangazwa mwaka 2010, lililohusisha jozi 3,408 za wenzi ambao mmoja ana VVU na hepesi na mwingine hana VVU, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, nalo lilionyesha kwamba aciklovir haikumkinga yule mwenzi asiye na VVU.

Wanawake wale waliokubali kumeza vidonge mwezi hata mwezi wamewafundisha watu wa dunia nzima. Kwetu somo ni hili: kujua kwamba una hepesi na kunywa dawa yake hakukukingi na UKIMWI. Fedha unayotaka kuitumia kwa karatasi ya hepesi ibaki nyumbani. Kipimo cha VVU hutolewa bure katika vituo vya serikali, jibu hupatikana siku hiyohiyo, na likihitaji kuhakikishwa huhakikishwa kwa kipimo cha pili kabla hujaambiwa. Dawa zake zipo na hutolewa bure. Kaswende nayo ina kipimo chake cha damu na sindano ya kuiponya. Hivi ndivyo vipimo ambavyo jibu lake linabadili matibabu.

Kondomu hupunguza hatari ya hepesi lakini haiimalizi, kwa kuwa virusi vinaweza kutoka kwenye ngozi ambayo haikufunikwa. Wakati wa kidonda, au mtu anaposikia mchomo na mwasho unaotangulia kidonda, wenzi walale mbalimbali mpaka pakauke kabisa. Mume ambaye mkewe amemwambia hivyo asichukulie kwamba ananyimwa haki.

NDUGU WENGINE WA UKOO HUU

Tumesema hepesi ni ukoo. Wako ndugu ambao msomaji anawafahamu kwa majina mengine.

Mmoja ni virusi vya tetekuwanga. Mtoto akishapona tetekuwanga virusi hulala kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye huamka na kutoa malengelenge ya mstari upande mmoja wa kifua, mgongo au uso. Ndio mkanda wa jeshi. Wengine husema mkanda ukizunguka na kukutana mtu hufa. Si kweli. Wengine wakimwona jirani na mkanda wa jeshi humhesabia UKIMWI papo hapo, nalo si sawa, maana watu wazima wengi waliopita miaka 50 huupata bila VVU. Hata hivyo kijana akiupata yafaa apime VVU. Mkanda wenyewe mganga huutambua kwa macho, na damu haihitajiki kupimwa kwa ajili yake. Ukiwa karibu na jicho, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ndugu mwingine alijulikana kwa sababu ya watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaokua kwa haraka sana kwa watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi vipya vya ukoo wa hepesi. Karibu kila mtu hupata virusi hivyo utotoni bila madhara, na ni watoto wachache tu wanaoota uvimbe, zaidi katika nchi zenye malaria nyingi. Hapa tena damu haisaidii kutambua: kingamwili zinapatikana kwa wagonjwa na wazima. Mzazi anayeona taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, asipoteze majuma kwa kung'oa meno na kuchanja. Ugonjwa huu una dawa, na watoto wengi hupona wakifikishwa mapema hospitali za rufaa kama Bugando au Muhimbili.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO

Limebaki kundi moja ambalo kwake hepesi si jambo la aibu tu bali ni la uhai.

Wapo akina mama walioharibikiwa mimba wanaoshauriwa kulipia kipimo cha damu cha magonjwa kadhaa kwa pamoja, hepesi ikiwemo. Jibu likionyesha IgG ya hepesi wanaambiwa sababu imepatikana. Tumekwisha kuona kwamba IgG hiyo wanayo wanawake wengi, pamoja na wale waliozaa watoto wanane bila kupoteza hata mmoja. Ni nyayo za zamani. Kabla ya kuilaumu hepesi, mama apimwe kaswende, malaria, upungufu wa damu na kisukari. Kaswende hasa ndiyo inayoua watoto tumboni, na kliniki ya wajawazito huipima pamoja na VVU.

Hatari ya hepesi iko wakati wa kuzaa. Mama aliyekuwa nayo kabla ya mimba hupeleka askari wake kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, na mtoto mara nyingi huzaliwa salama. Mwenye hatari kubwa ni mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu mtoto anazaliwa kabla askari hawajawa tayari. Kwa hiyo mume aliye na vidonda, mkewe akiwa na mimba kubwa, asimkaribie hata kwa kondomu. Mama mwenyewe akiona malengelenge katika miezi hiyo aende kliniki, hata kama siku yake haijafika.

Uchungu ukianza huku kuna vidonda, amwambie mkunga mara anapofika, kabla ya kupimwa njia. Asione haya. Mkunga akijua anaweza kumpeleka Kiomboi, kwenye hospitali ya wilaya, ambako daktari ataamua kama mtoto atolewe kwa upasuaji. Akizaa nyumbani nafasi hiyo haipo.

Mtoto akishazaliwa atazamwe kwa mwezi mzima. Akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi, akilegea, akishikwa na degedege, au akitoka malengelenge kwenye ngozi, machoni au mdomoni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na inabidi kusimamisha lori barabarani. Mama aliye na hepesi anaendelea kunyonyesha, isipokuwa kwenye ziwa lenye kidonda. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na mwenye kidonda mdomoni, awe bibi, shangazi au jirani aliyekuja kumpa mzazi pole, asimbusu mtoto mpaka kidonda kimekauka.